Hesabu ya kalori za kupunguza uzito

Hesabu ya kalori za kupunguza uzito ni njia ya kukadiria kiasi cha nishati ambacho mtu anahitaji kupata kwa chakula kila siku ili uzito wake upungue polepole huku akiendelea na kazi na mazoezi. Ina hatua nne: kukadiria nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika, kuongeza nishati ya kazi na mazoezi, kutoa kiasi fulani, na hatimaye kusahihisha jibu kwa kupima uzito baada ya wiki kadhaa.

Makala hii inatumia mifano kutoka wilaya za Karagwe na Kyerwa katika mkoa wa Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania. Katika wilaya hizo chakula kikuu ni ndizi za kupika na maharage, vyakula vingi hutoka shambani bila lebo ya kalori, na wakazi wengi ni wakulima wanaotumia jembe la mkono. Kwa sababu hiyo mpaka kati ya kazi na mazoezi hauko wazi, na ni rahisi kuhesabu jasho lilelile mara mbili. Kosa hilo peke yake linaweza kuondoa faida yote ya mpango wa kupunguza uzito.

Hesabu hii inawahusu watu wazima wenye uzito uliozidi. Haifai kwa watoto, wajawazito, wanaonyonyesha wala wagonjwa ambao hawajaonana na mtaalamu wa afya.

## Kizio cha kalori

Kalori inayotajwa katika lishe ni kilokalori (kcal), yaani joto linalotosha kupandisha halijoto ya kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Kilokalori 1 ni sawa na kilojuli 4.184.

Mwanakemia Mmarekani Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19, aliweka vizidishio ambavyo bado vinatumika katika majedwali ya vyakula:

* gramu 1 ya wanga hutoa kcal 4
* gramu 1 ya protini hutoa kcal 4
* gramu 1 ya mafuta hutoa kcal 9
* gramu 1 ya alkoholi hutoa kcal 7

Nchini Tanzania thamani za vyakula zinapatikana katika majedwali yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo Kikuu cha Harvard.

## Unene katika historia ya Karagwe

Karagwe ilikuwa ufalme uliotawaliwa na ukoo wa Wahinda. Mfalme Rumanika aliwapokea Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant mwishoni mwa mwaka 1861, walipokuwa njiani kutafuta chanzo cha mto Naili. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 Speke aliandika kwamba wanawake wa jamaa ya kifalme walineneshwa kwa kunyweshwa maziwa, hata baadhi yao wakashindwa kusimama. Alimpima mmoja wao na kuandika kwamba mzunguko wa kifua chake ulikuwa takriban sentimita 132 na wa mkono wa juu sentimita 58.

Maelezo hayo yalitolewa na mgeni aliyewatazama wenyeji kama vitu vya ajabu, kwa hiyo yanahitaji kusomwa kwa tahadhari. Hata hivyo yanaonyesha kwamba unene ulikuwa alama ya utajiri wa ng'ombe na heshima ya nyumba. Yanaonyesha pia kanuni ileile ya hesabu ya kalori, ikitumika kwa lengo la kinyume. Lita 1 ya maziwa yasiyoondolewa mafuta ina takriban kcal 620 hadi 650. Mtu anayekunywa lita nne kwa siku hupata karibu kcal 2,500, na kama anaketi ndani muda wote, nishati nyingi inayozidi hugeuka kuwa mafuta ya mwili.

Siku hizi unene uliozidi unajulikana kuwa kichocheo cha kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo. Wakati huohuo mkoa wa Kagera umekuwa na tatizo kubwa la udumavu wa watoto licha ya wingi wa chakula. Hali hizo mbili zinaweza kukutana katika nyumba moja, kwa hiyo mpango wa mtu mzima wa kupunguza uzito haupaswi kuwa sababu ya kupunguza chakula cha watoto.

## Hatua ya kwanza: nishati ya mwili uliopumzika

Mwili hutumia nishati hata mtu akiwa amelala, kwa ajili ya moyo, ubongo, ini, kupumua na kutunza joto. Kwa watu wengi hiyo ndiyo sehemu kubwa ya matumizi ya siku.

Fomula ya zamani inayojulikana sana ni ya Harris na Benedict, iliyotolewa Marekani miaka ya 1918 na 1919. Inayotumika zaidi sasa kwa watu wenye uzito uliozidi ni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990:

* Mwanamume: (10 × uzito kwa kilo) + (6.25 × kimo kwa sentimita) − (5 × umri kwa miaka) + 5
* Mwanamke: (10 × uzito kwa kilo) + (6.25 × kimo kwa sentimita) − (5 × umri kwa miaka) − 161

Tuchukue mfano wa mwanamke mwenye umri wa miaka 40, kimo cha sentimita 160 na uzito wa kilo 82. Uwiano wake wa uzito na urefu ni 82 ÷ (1.6 × 1.6) = 32, na kuanzia 30 huhesabiwa kuwa unene wa kupindukia. Nishati ya mwili wake uliopumzika ni:

820 + 1,000 − 200 − 161 = kcal 1,459 kwa siku.

Fomula hutoa wastani wa watu wengi. Watu wawili wenye vipimo sawa wanaweza kutofautiana kwa zaidi ya kcal 100, hasa kwa sababu ya wingi wa misuli.

## Hatua ya pili: kazi za kila siku

Nishati ya mwili uliopumzika huzidishwa kwa namba inayowakilisha shughuli za siku nzima. Shirika la Chakula na Kilimo, Shirika la Afya Duniani na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa huweka madaraja matatu:

* 1.40 hadi 1.69: maisha ya kukaa au kazi nyepesi
* 1.70 hadi 1.99: kazi za wastani
* 2.00 hadi 2.40: kazi nzito

Mwenye duka mjini Kayanga au Omurushaka anayekaa muda mrefu na kurudi nyumbani kwa bodaboda anaweza kuchukua 1.5. Mkulima anayelima, kupalilia migomba, kubeba mikungu na kuchota maji bondeni anaweza kuchukua 1.8 au zaidi. Kwa mwanamke wa mfano tofauti ni kubwa:

* akiwa mwenye duka: 1,459 × 1.5 = takriban kcal 2,190
* akiwa mkulima: 1,459 × 1.8 = takriban kcal 2,630

Kazi za shamba hubadilika kwa majira. Kagera ina misimu miwili ya mvua, na wiki za kupanda maharage si sawa na wiki za kiangazi. Mkulima anayetumia 1.8 mwaka mzima atakosea katika miezi ambayo kazi imepungua, na ni katika miezi hiyo uzito huanza kurudi.

## Hatua ya tatu: mazoezi

Ukali wa zoezi hupimwa kwa kizio kinachoitwa MET. MET 1 ni nishati ya mtu aliyekaa kimya, karibu kcal 1 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Makadirio ya kawaida ni haya:

* kutembea haraka, kilomita 5.6 kwa saa, mahali tambarare: 4.3
* kutembea haraka kupanda mwinuko mdogo: takriban 5
* kulima kwa jembe: takriban 5
* kuendesha baiskeli, kilomita 16 hadi 19 kwa saa: 6.8
* mpira wa miguu wa kujifurahisha: 7
* kukimbia, kilomita 8 kwa saa: takriban 8

Ili kupata nishati ya ziada, kwanza hutolewa 1 kutoka namba ya MET, kwa sababu nishati ya kukaa tayari imo katika hesabu ya siku. Jibu huzidishwa kwa uzito na kwa muda. Mwanamke wa mfano akitembea haraka kwa dakika 45:

(4.3 − 1) × 82 × 0.75 = takriban kcal 203.

Akifanya hivyo siku tano kwa wiki hupata kcal 1,015, yaani wastani wa kcal 145 kwa siku. Jumla ya dakika 225 iko ndani ya mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020, yanayotaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Barabara za Karagwe na Kyerwa hupanda na kushuka vilima, hivyo matembezi ya huko mara nyingi ni mazito kuliko namba ya mahali tambarare.

## Kuhesabu mara mbili

Mwenye duka aliyeanza mazoezi ana njia mbili halali: kubaki na kizidishio cha 1.5 na kuongeza kcal 145 za mazoezi, au kuchagua kizidishio kikubwa kidogo kinachojumuisha mazoezi na kutoongeza kitu. Kosa ni kufanya yote mawili.

Kwa njia ya kwanza matumizi yake ya siku ni 2,190 + 145 = kcal 2,335. Akipunguza kcal 500, chakula chake ni takriban kcal 1,830.

Tuseme badala yake anajiweka katika daraja la 1.8 kwa sababu "anafanya mazoezi", halafu anaongeza kcal 264 za matembezi bila kutoa zile za kukaa. Atapata 2,626 + 264 = kcal 2,890. Akitoa 500 ataamini kwamba anaruhusiwa kula kcal 2,390. Kiasi hicho kinazidi matumizi yake halisi ya kcal 2,335, hivyo uzito hautapungua hata akitembea kwa bidii mwaka mzima.

Kuna sababu nyingine ya kutoamini sana nishati ya mazoezi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika miongoni mwa Wahadza, wawindaji na wakusanyaji wa kaskazini mwa Tanzania. Walipima nishati ya watu wazima 30 kwa kuwanywesha maji yenye isotopu za hidrojeni na oksijeni. Wahadza hutembea na kufanya kazi kuliko wakazi wa miji ya Ulaya na Marekani, lakini ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, nishati yao ya siku haikuwa tofauti. Matokeo hayo yanaashiria kwamba mwili unaweza kubana matumizi mengine pale kazi inapoongezeka. Mazoezi yana faida kwa moyo, misuli, sukari ya damu na usingizi, na husaidia uzito uliopungua usirudi. Kwa upande wa kupunguza uzito wenyewe, chakula kina uzito mkubwa zaidi.

## Hatua ya nne: kiasi cha kupunguza

Upungufu wa kcal 300 hadi 500 kwa siku huwafaa watu wengi. Mwaka 1958 daktari Mmarekani Max Wishnofsky alikadiria kwamba kupungua kilo 1 kunahitaji upungufu wa takriban kcal 7,700. Kwa kcal 500 kwa siku, upungufu wa wiki ni kcal 3,500, sawa na karibu nusu kilo.

Kanuni hiyo inafaa kwa miezi ya mwanzo tu. Mwili mdogo hutumia nishati kidogo, hivyo kasi hupungua jinsi uzito unavyoshuka. Mwanamke wa mfano akifika kilo 74, nishati ya mwili wake uliopumzika itakuwa karibu kcal 1,379, na hesabu yote inapaswa kurudiwa.

Kwa kawaida mwanamke hashauriwi kushuka chini ya kcal 1,200 na mwanamume chini ya kcal 1,500 bila usimamizi wa mtaalamu. Mkulima anayekula kidogo mno huishiwa nguvu shambani, hupoteza misuli, na mara nyingi huishia kula kupita kiasi jioni.

## Kalori za vyakula vya Karagwe na Kyerwa

Makadirio yafuatayo ni ya gramu 100 za chakula kilicho tayari kuliwa, bila mafuta ya kuongeza:

* ndizi za kupika zilizochemshwa: kcal 116
* maharage yaliyochemshwa: kcal 127
* viazi vitamu vilivyochemshwa: kcal 76
* wali: kcal 130
* muhogo uliochemshwa: kcal 150 hadi 160
* samaki sato aliyepikwa: kcal 128
* parachichi: kcal 160
* karanga: kcal 567

Ndizi hupimwa baada ya kumenywa, kwa sababu maganda ni sehemu kubwa ya uzito wa mkungu. Maharage makavu yana karibu kcal 335 kwa gramu 100, lakini yakipikwa hunywa maji na kubaki na kcal 127 kwa uzito uleule. Anayepima maharage mabichi na kusoma namba ya yaliyopikwa hukosea kwa zaidi ya mara mbili.

Katika katogo, ndizi na maharage vinapopikwa sufuria moja, njia rahisi ni kujumlisha kalori za vyote vilivyoingia, kupima uzito wa chakula kilichoiva, kisha kukadiria sehemu iliyopakuliwa. Familia inapokula katika sinia moja, anayehesabu anahitaji kujipakulia sahani yake kwanza.

Kalori zinazosahaulika mara nyingi hutoka kwenye vitu vidogo. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kcal 120. Kahawa isiyo na sukari, kinywaji cha eneo linalolima sana kahawa ya robusta, karibu haina kalori, lakini kila kijiko kidogo cha sukari huongeza kcal 16. Chupa ya soda ya mililita 350 ina takriban kcal 150, na chupa ya bia ya nusu lita karibu kcal 200. Rubisi, pombe ya ndizi, nayo ina alkoholi na mabaki ya sukari, hivyo haiwezi kuachwa nje ya hesabu kwa sababu tu imetengenezwa nyumbani. Senene wanaopatikana kwa msimu wana protini nyingi na mafuta mengi; wakikaangwa huliwa kwa viganja, siyo kwa sahani.

## Mfano wa mlo wa siku

Mlo ufuatao unamfaa mwenye duka wa mfano, anayelenga kcal 1,830.

Asubuhi:

* chai yenye mililita 150 za maziwa na kijiko kidogo cha sukari: kcal 110
* viazi vitamu gramu 250: kcal 190

Mchana:

* ndizi gramu 350: kcal 406
* maharage gramu 200: kcal 254
* mafuta kijiko kikubwa 1: kcal 120
* mboga za majani gramu 150: kcal 40

Jioni:

* ndizi gramu 250: kcal 290
* sato gramu 120: kcal 154
* mafuta nusu kijiko kikubwa: kcal 60
* mboga za majani gramu 150: kcal 40
* parachichi gramu 100: kcal 160

Jumla ni kcal 1,824, na protini ni takriban gramu 70. Kiwango cha kutosha cha protini kwa mtu mzima ni gramu 0.83 kwa kilo ya mwili, ambacho kwa kilo 82 ni gramu 68. Ndizi zina protini kidogo, takriban gramu 1 kwa gramu 100. Kwa hiyo anayetaka kupunguza kalori hapaswi kuanza kwa kuondoa maharage, samaki, mayai au maziwa. Ni afadhali apunguze mafuta, sukari, pombe na kiasi cha ndizi katika sahani.

## Kusahihisha kwa mizani

Jibu la fomula ni makadirio ya kuanzia. Uzito wenyewe ndio unaoonyesha kama makadirio yalikuwa sahihi. Mtu hupimwa mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula, kwa mizani ileile. Mizani hupatikana katika zahanati na vituo vya afya. Asiyeweza kuifikia anaweza kupima kiuno kwa futi kamba ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, baada ya kutoa pumzi.

Maji, chumvi, hedhi na chakula kilichomo tumboni vinaweza kubadilisha uzito kwa kilo 1 au zaidi, hivyo uamuzi husubiri wiki tatu au nne:

* ukipungua kilo 0.25 hadi 0.75 kwa wiki, mpango unaendelea
* usipopungua kabisa, hukaguliwa kwanza mafuta, vinywaji na kizidishio cha kazi, kisha hupunguzwa kcal 100 hadi 200
* ukipungua zaidi ya kilo 1 kwa wiki mfululizo, au mtu akiwa mchovu na mwenye kizunguzungu, chakula huongezwa

## Tahadhari

Mwenye kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari anaweza kushukiwa na sukari ghafla akipunguza chakula au kuongeza mazoezi, kwa hiyo dawa zake zinahitaji kuangaliwa upya na daktari kabla ya kuanza. Wenye ugonjwa wa moyo, figo, kifua kikuu au VVU nao wanahitaji ushauri. Mwenye uwiano wa uzito na urefu chini ya 18.5 tayari ana uzito pungufu na hapaswi kutumia hesabu hii.

Uzito unaopungua bila mtu kukusudia si mafanikio. Unaweza kuwa dalili ya kisukari, kifua kikuu, saratani au ugonjwa mwingine, na unahitaji uchunguzi katika kituo cha afya.

## Tazama pia

* Kalori
* Lishe
* Unene wa kupindukia
* Kisukari
* Wilaya ya Karagwe
* Wilaya ya Kyerwa